Fundi Anajibu: "Mbona zinafyatuka zote kwa mpigo?"

Toleo lililopita nilichora bastola ndogo ya kuchezea ya plaiwudi ya milimita 4. Urefu wake ni sentimita 9, inabeba rababendi sita, na inarusha moja kila ukivuta kifyatulio. Barua zimemiminika, na karibu zote zinahusu kitu hicho kimoja, kwa hiyo leo ukurasa wote nauachia. Sijali ikiwa wengine wataona ni mchezo wa watoto. Ndani ya kile kibao mna kazi ileile niliyoifanya maisha yangu yote kwenye meza ya saa: kuzuia nguvu inayotaka kukimbia, kuiachia kidogo, kisha kuizuia tena.

Kwa ambaye hakupata mchoro, umbo lake ni hivi. Mbele ya mtutu kuna pengo dogo ambamo rababendi inashikwa. Nyuma, juu ya mpini, kuna gurudumu la meno manane lenye upana wa milimita 18. Rababendi inavutwa kutoka mbele na kunasishwa kwenye jino. Ukiingiza ya pili unarudisha gurudumu nyuma jino moja, na hivyo hivyo mpaka ya sita. Mipira yote inataka kulizungusha gurudumu kwenda mbele, na kinacholizuia ni kifyatulio, ambacho kina ndimi mbili. Ulimi wa mbele unashika jino wakati kidole hakijagusa kitu. Ukivuta, ulimi wa mbele unatoka na wa nyuma unaingia, gurudumu linasogea nusu jino. Ukiachia, wa nyuma unatoka, wa mbele unarudi, gurudumu linamaliza ile nusu iliyobaki na rababendi moja inaponyoka. Saa za ukutani zenye timazi zimekuwa zikitumia nanga ya ndimi mbili ya namna hii tangu karne ya 17, na hakuna aliyepata njia rahisi kuipita.

Barua: Shikamoo fundi. Nimefuata mchoro wako hatua kwa hatua. Mvuto wa kwanza inatoka rababendi moja, safi kabisa. Mvuto wa pili zinaondoka zote tano zilizobaki kwa mkupuo. Nimebadilisha kifyatulio, nimebadilisha gurudumu, tatizo ni lilelile. Nimekosea wapi?

Marahaba, mwanangu. Hili ndilo swali lililoletwa na wengi kuliko yote, kwa hiyo nitalichukua polepole.

Kabla hujabadilisha kipande kingine chochote, toa rababendi zote. Ishike bastola mkono wa kushoto, weka dole gumba juu ya gurudumu na ulisukume kwenda mbele, kwa nguvu ya wastani, kama mipira ingefanya. Sasa vuta kifyatulio taratibu mno, kiasi kwamba unaona kila nywele ya mwendo. Tazama ndimi zote mbili kwa ubavuni. Mahali popote katika mwendo ule, lazima angalau ulimi mmoja uwe ndani ya njia ya meno. Ukifika katikati, ulimi wa mbele umeshatoka na wa nyuma bado haujaingia, dole gumba lako litahisi gurudumu likiteleza bure. Hapo ndipo zinapotorokea zote.

Ukivuta kwa kasi huwezi kuiona hiyo nafasi, ndiyo maana mvuto wa kwanza ulikudanganya. Kidole kikivuta kwa nguvu ulimi wa nyuma unawahi, kikivuta kwa upole hauwahi. Bastola nzuri haitakiwi kujali ni kidole cha nani.

Dawa yake ni kurefusha ulimi wa nyuma. Chukua kadi ya plastiki ya zamani, kata kipande chenye upana wa ulimi, kibandike kwenye uso unaogusana na jino kwa gundi ya papo kwa papo. Unene wa kadi ni kama milimita 0.8, na mara nyingi huo unazidi kidogo. Kisha shika tupa laini, piga mara mbili, rudisha kifyatulio mahali pake, jaribu na dole gumba. Piga tena mara mbili, jaribu tena. Unatafuta mahali ambapo ulimi wa mbele unaachia pale tu wa nyuma unapokuwa umekwisha kuingia kiasi cha unene wa kucha. Ukiona sasa gurudumu halitembei kabisa, ndimi zote mbili zimeshika kwa pamoja na umebakiza plastiki nyingi mno. Endelea na tupa. Usitumie msasa hapa, kwa sababu msasa unaviringisha kona, na kona ndiyo kazi yenyewe.

Ikiwa ndimi ziko sawa na bado zinakimbia, angalia tundu la pini ya kifyatulio. Plaiwudi inachoka haraka. Tundu lililotobolewa duara linageuka kuwa yai, na kila mzigo ukijaa kifyatulio kizima kinasogea nyuma milimita nusu. Milimita nusu kwenye meno ya ukubwa huu ni mlango wazi. Shika ncha ya kifyatulio, itikise mbele na nyuma bila kuizungusha. Ukisikia kile kimlio kidogo cha tak-tak, umeshapata mgonjwa wako. Tanua tundu, ingiza kipande cha mrija mwembamba wa shaba, hata ule wa ndani wa kalamu ya wino iliyokwisha kama ni wa chuma, na upitishe pini humo. Jambo hilihili litazame kwa upande pia: gurudumu likiweza kuyumba kushoto na kulia, linapita pembeni ya ulimi bila kuugusa. Washa moja nyembamba, yaani kile kiduara chenye tundu katikati, kila upande inamaliza tatizo. Ukikosa washa, kata duara mbili kutoka kwenye chupa ya plastiki ya maji.

Jambo la mwisho, na hili linawapata waliokata gurudumu kwa haraka. Plaiwudi imepangwa tabaka juu ya tabaka, nyuzi za tabaka moja zikikatana na za jirani yake. Katika meno manane, kuna ambayo nyuzi nyingi zinaelekea nchani, hayo ni magumu, na kuna ambayo zinapita kwa mapana, hayo yanamegeka. Ndiyo maana inaweza kufyatua vizuri mara tatu na kuharibu ya nne kila mara kwenye jino lilelile. Weka alama ya penseli kwenye jino moja ujue ni lipi. Tone moja la gundi ya papo kwa papo likiachwa lizame kwenye ncha za meno yote, kisha likauke usiku kucha, linayafanya kuwa magumu kama pembe. Asubuhi yanyooshe kwa tupa.

Barua: Yangu inajifyatua yenyewe. Nikishaingiza rababendi ya nne au ya tano, naiweka mezani, nageuka, nasikia "pa!" Hakuna aliyeigusa. Springi nimeiongezea nguvu lakini wapi.

Springi usiiongeze. Springi kazi yake ni kurudisha kifyatulio nyumbani, basi. Ikiwa springi ndiyo inayozuia mipira sita isikimbie, umeipa kazi isiyoiweza, na siku moja itakuangusha mbele ya uso wa mtu.

Tatizo lako liko kwenye pembe. Jino linausukuma ulimi, na msukumo huo una mwelekeo. Chora kwa penseli kwenye ubavu wa bastola mstari kutoka kwenye pini ya kifyatulio mpaka pale jino linapougusa ulimi. Chora mwingine kutoka katikati ya gurudumu mpaka palepale. Mistari hiyo miwili ikutane kwa pembe mraba, au karibu yake. Uso wa ulimi nao uwe mraba na ule mstari wa kwanza. Hapo msukumo wote wa gurudumu unapita moja kwa moja kwenye pini, na pini haiendi popote. Weka rababendi moja, weka sita, kifyatulio hakitasikia tofauti ya kusukumwa nje.

Kwako nadhani uso wa ulimi umelala kidogo kuelekea nje, huenda kwa digrii tano au zaidi. Kwa rababendi moja mbili msuguano na springi vinatosha kuushika. Zikifika nne, vinashindwa na ulimi unateleza taratibu, ndiyo maana inasubiri mpaka umegeuka. Chora ile mistari, utauona mlalo kwa macho. Kisha piga tupa kwenye uso wa ulimi mpaka ulale upande wa pili, kwa ndani, digrii mbili au tatu tu. Sasa gurudumu lenyewe litakuwa linauvuta ulimi uingie zaidi. Saa ya mkononi ina mlalo kama huo, na bila huo ungeipiga pigo dogo ingepoteza majira.

Kipimo chake: ijaze rababendi zote sita, ielekeze ukutani, gonga kitako chake mezani mara kadhaa. Isipofyatuka, imepona. Usimpe mtoto kabla ya kipimo hicho.

Barua: Salaam fundi. Mimi yangu haifyatui hovyo, lakini kifyatulio ni kigumu mno. Kidole cha mwanangu hakiwezi. Rababendi zikibaki mbili kinalainika.

Soma jibu lililotangulia, halafu ligeuze. Wewe uso wa ulimi umeulaza ndani kupita kiasi. Ili utoke, inabidi kwanza ulirudishe gurudumu nyuma dhidi ya mipira yote sita, na hiyo ndiyo kazi inayomshinda mtoto. Punguza mlalo mpaka digrii mbili hivi. Mara nyingi ni tupa chache tu.

Kisha lainisha nyuso zinazogusana. Msasa namba 400, halafu 800, kisha paka unga wa penseli laini, B au zaidi, usugue kwa kitambaa mpaka mbao ing'ae rangi ya kijivu. Mafuta usithubutu. Mbao inayanywa, inavimba, na baada ya siku mbili una bastola isiyofungua kabisa. Nta ya mshumaa inafaa kwenye pini lakini si kwenye ndimi, maana inanata kukiwa na baridi.

Kama bado ni nzito, sogeza mahali kidole kinapokaa kushuka chini. Kifyatulio ni wenzo. Umbali kutoka pini hadi kidole ukiuzidisha maradufu kuliko umbali kutoka pini hadi ulimi, kidole kinahitaji nusu ya nguvu. Kwenye mchoro niliweka milimita 22 kwa 11. Ongeza mpaka 28 na mtoto atafurahi, ila kidole kitasafiri mbali zaidi.

Barua: Siku ya kwanza ilirusha mpaka ukuta wa pili. Niliiacha imejazwa kabatini kwa wiki, sasa rababendi zinaanguka miguuni pangu. Na moja imekatika ikanichapa. Je, gurudumu limelegea?

Gurudumu lako halina neno. Mpira ndio uliochoka, na wewe ndiye uliyeuchosha kwa kuuacha umevutwa.

Mpira unaovutwa na kushikiliwa unapoteza nguvu yake pole pole hata bila kufanya kazi. Nyuzi zake ndefu zinateleza, zinapata mkao mpya, na ukiziachia hazirudi zote. Juu ya hilo, hewa ina ozoni kidogo, na ozoni inaushambulia mpira wa asili pale hasa ulipovutwa. Chukua ile iliyokatika uitazame kwa lenzi: utaona nyufa ndogondogo zilizopita kwa mapana, zikikata mwelekeo wa mvuto. Mwanga wa jua na joto vinaongeza kasi. Rababendi ziweke kwenye kopo lenye kifuniko, gizani, mbali na jiko. Bastola isikae imejazwa hata usiku mmoja.

Jaribu hili, ni jambo ninalolipenda sana kuwaonyesha vijana. Shika rababendi pana, igusishe kwenye mdomo wa juu, ivute ghafla mpaka karibu mwisho, uiguse tena mdomoni. Imepata joto. Isubiri ipoe ikiwa bado umeivuta, kisha iachie ghafla na uiguse. Sasa ni baridi. John Gough, Mwingereza aliyekuwa kipofu, aliliandika jambo hili mwanzoni mwa karne ya 19, akitumia midomo yake kama kipimajoto. Kwa bastola yako maana yake ni hii: ukivuta mpira ukaufyatua papo hapo, joto lile bado liko ndani na unapata nguvu zaidi. Ukiuacha upoe, sehemu ya kazi uliyoifanya kwa mkono imekwenda hewani. Kwa hiyo anayetaka kushindana kwa umbali, ajaze na afyatue bila kuchelewa.

Angalia pia urefu. Kutoka pengo la mbele hadi jino ni kama sentimita 8. Rababendi ambayo ikilala bapa ina sentimita 2.5 hadi 3 inavutwa takribani mara tatu, na hapo inafanya kazi kwa raha. Ukitumia ya sentimita 1.5 ili irushe mbali, umeivuta zaidi ya mara tano, na ile iliyokuchapa nadhani ilikuwa ya namna hiyo. Vaa miwani. Nitalirudia neno hili.

Rababendi yenyewe ni kitu cha umri mkubwa. Stephen Perry aliiwekea hataza London tarehe 17 Machi 1845, kwa ajili ya kufungia karatasi na bahasha. Isingewezekana bila kazi ya Charles Goodyear huko Marekani aliyegundua mwaka 1839 kwamba mpira ukipashwa joto pamoja na salfa hauyeyuki kwa joto wala haugandi kwa baridi. Kila rababendi unayoitupa sakafuni ina historia hiyo.

Barua: Fundi, niliona sentimita 9 ni kubwa. Nimepunguza kila kipimo kwa nusu, niweze kuitundika kwenye funguo. Kila kitu kinafanana na mchoro wako lakini meno yanavunjika, kifyatulio kinakwama, na siku kikikubali kinalegea. Mchoro si ni uleule?

Mchoro ni uleule, dunia si ileile. Umeligusa jambo ambalo wapenda vitu vidogo wote lazima walifahamu, na nimefurahi umeuliza.

Galileo alilieleza mwaka 1638 alipoonyesha kwa nini mfupa wa jitu hauwezi kuwa mfupa wa mtu uliokuzwa tu. Ukipunguza urefu kwa nusu, eneo linabaki robo na ujazo unabaki moja ya nane. Sasa tazama jino lako. Nguvu yake inategemea eneo la pale linaposhikana na gurudumu, na eneo hilo limebaki robo. Lakini umetumia rababendi zilezile? Basi jino lenye robo ya nguvu linabeba mzigo uleule. Lisingevunjika ningeshangaa.

La pili ni nafasi kati ya vipande. Tundu lako la pini lina uhuru wa milimita 0.3 kwa sababu keekee yako na mkono wako ni vilevile, havikupungua kwa nusu pamoja na mchoro. Kwenye bastola ya sentimita 9, milimita 0.3 inavumilika. Kwenye ya 4.5 ni kosa maradufu. Hata unene wa mstari wa penseli, nusu milimita, sasa ni sehemu kubwa ya jino. Ndiyo maana mara inakwama, mara inalegea. Vipande vyako havikai mahali pamoja mara mbili.

Kwa hiyo kwa ukubwa huo achana na plaiwudi. Gurudumu na kifyatulio vitoke kwenye bati la shaba la milimita 1. Gundisha pamoja vipande viwili vya bati, chora juu, kata kwa msumeno wa sonara, nyoosha kwa tupa ndogo za sindano, kisha pasha moto gundi iachie. Unapata magurudumu mawili yanayolingana kabisa, na la akiba utalihitaji. Pini itoke kwenye sindano ya kushonea iliyokatwa, kwa kuwa imenyooka na ni ngumu kuliko waya wa kawaida. Tundu lipigwe dogo kuliko sindano, kisha lipanuliwe kwa kuizungusha sindano ya unene mmoja zaidi kidogo mpaka ya kwako ipite bila kuyumba. Kwa mpira, tumia ile midogo ya kufungia ncha za misuko ya nywele. Punguza na idadi: meno manane ni mengi, weka matano, rababendi tatu. Jino nene lenye mzigo mdogo litadumu.

Usitegemee itarusha mbali. Rababendi ndogo ina uzito kidogo na hewa inaisimamisha mapema. Mita mbili ni mafanikio, mita tatu uniandikie.

Wala hauko peke yako kushindwa na udogo. Franz Pfannl, fundi saa wa Austria, alitengeneza bastola halisi iliyoitwa Kolibri, ikaanza kuuzwa mwaka 1914, yenye risasi ya milimita 2.7. Huyu alikuwa na mashine za kiwanda na mkono wa fundi saa, na bado mtutu wake ulibaki laini ndani, bila michirizi ile ya kuizungusha risasi iende moja kwa moja, kwani kuchonga michirizi kwenye tundu jembamba kiasi kile kulikuwa nje ya uwezo wa zana za wakati ule. Risasi ikaenda itakako.

Barua: Nina kibastola cha chuma cha kwenye funguo, nimekitengeneza mwenyewe, kina tundu la kweli. Nataka kipige kwa moto, kwa mlipuko mdogo tu, cha kuonyesha marafiki. Kinagoma. Nikikuelezea kilivyo ndani utaniambia kasoro?

Hapana, sitakuambia, na ninakuomba usikielezee kwa mtu mwingine yeyote pia.

Najua unavyojisikia. Umekaa na tupa, kitu kimependeza, na kimebaki hatua moja kiwe hai. Lakini hayo maelezo yote niliyoandika hapo juu kuhusu udogo yanageuka dhidi yako hapa. Kosa la nusu milimita kwenye bastola ya rababendi linakupa kifyatulio kinachokwama. Kosa hilohilo kwenye ukuta wa chuma unaozuia mlipuko linakupa kipande cha chuma kwenye jicho, na ufa wa ndani ya chuma hauonekani kwa macho wala kwa lenzi. Kugoma kwake ndiyo bahati yako. Na katika nchi nyingi sheria haiulizi silaha ina urefu gani. Ikirusha kitu kwa mlipuko ni silaha, hata ikitoshea ndani ya kijisanduku cha kiberiti, na kuitengeneza bila kibali ni kosa la jinai.

Unachoweza kufanya, na ningependa sana kukiona, ni kukifanya kiwe sanamu yenye mwendo. Mtutu uondoe, weka mwingine wa chuma kigumu usiotobolewa hata kidogo, tia alama ya tundu kwa rangi nyeusi. Kisha kazi yako yote ipeleke kwenye mtambo: kifyatulio kivutike, nyundo irudi na kuanguka, springi ndogo ya saa ifanye kazi yake, gurudumu lizunguke hatua moja na kusimama bila kuyumba. Watu wa vidogo wanaojua wanachokitazama hawaulizi kama kinalia. Wanakisogeza karibu na sikio na kusikiliza mtambo unavyobonyea. Nitumie mchoro wa kifyatulio na nyundo yake na nitaukagua kwa moyo wote.

Barua: Mjukuu wangu ana miaka tisa, amenisomea gazeti lako na anataka tuitengeneze pamoja. Mimi sijawahi kushika msumeno. Je, tunaweza? Na asije akaonekana ana bunduki.

Shikamoo mama. Mnaweza, na mwanzo wenu uwe rahisi kuliko mchoro wangu. Acheni gurudumu kabisa. Chukueni kibao kimoja chenye umbo la L, pengo mbele, na nyuma kibanio cha nguo cha mbao kilichogundishwa kwa wima nyuma ya mpini, mdomo juu. Rababendi inavutwa kutoka mbele na kubanwa mdomoni mwa kibanio. Ukikibonyeza mguu wake wa chini, inaachia. Ni moja kwa wakati, haina cha kukwama, na mjukuu ataelewa kila kipande kinafanya nini. Kukata ufanye wewe au mtu mzima mwingine, kupiga msasa na kupaka gundi mwachie yeye. Gundi ya mbao ikae usiku mzima kabla ya kuvuta mpira wa kwanza.

Kuhusu kuonekana, pakeni rangi kali. Njano, bluu, waridi, chochote isipokuwa nyeusi na ya fedha. Marekani sheria ya shirikisho inataka bastola za kuchezea zinazofanana na za kweli ziwe na alama ya rangi ya chungwa iliyokolea nchani, au alama nyingine iliyoruhusiwa, na hata pasipo sheria hiyo ncha ya chungwa ni desturi njema. Mchoreeni na samaki ubavuni kama anapenda. Isiende shuleni, isiende kwenye gari la abiria, isielekezwe kwa mtu wala kwa paka.

Shabaha iwe vikombe vya karatasi vilivyopangwa juu ya kiti, ukuta ukiwa nyuma, ninyi mmesimama hatua nne. Miwani mvae wote wawili, na wewe mama pia, hata kama unatazama tu.